Vifungo vya Kochi la Mama Sawasawa

Mteja mkorofi hakumaliza mwaka bila kumkumbuka Fundi Makochi. Mtu aliyemtukana, au aliyemwambia kwamba kazi ya kuvika makochi inataka mkono wa mwanamume, alirudishiwa kochi lake likiwa limejaa na kunyooka, akashukuru na kwenda zake. Chini ya sponji palikuwa na springi moja iliyofungwa kwa fundo nusu. Fundo nusu lina subira. Linashika miezi kadhaa, mwenye kochi anasifiwa na wageni, kisha siku moja, kwa kawaida akiwa amekaa mtu wa heshima, linaachia. Springi inapanda na kumsalimia mgeni mahali ambapo hakuna aliyezoea kusalimiwa.

Mtaa ulilijua jambo hilo, ndiyo maana wateja wake walikuwa na adabu kuliko wateja wa fundi mwingine yeyote wa barabara ile. Jirani yake wa kibanda, mchomeleaji wa mageti, alikuwa akieleza kwamba yule mama hana kinyongo moyoni hata kidogo; anakiweka kwenye makochi, huko kuna nafasi.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, mtu mwenye kikohozi na vidole vilivyopinda kwa kushika misumari. Mjomba alimwachia nyundo, cherehani ya ngozi na amri moja: usimwambie mtu yeyote ulichokikuta ndani ya kochi la mteja. Kochi, alisema mjomba, ni kama tumbo la mtu. Unalifungua, unalitibu, unalifunga, unanyamaza. Fundi Makochi aliishika amri hiyo miaka yote. Aliivunja mara moja tu, na habari hii ni ya mara hiyo moja.

Aliolewa na mkaguzi wa mizani. Kazi ya mume wake ilikuwa kuzunguka kwenye masoko ya miji ya mbali na sanduku la mawe ya shaba, kupima kama mizani za wafanyabiashara zinasema kweli. Mkaguzi alijua kuona udanganyifu wa gramu kumi kutoka ng'ambo ya barabara. Katika safari hizo alilala kwenye nyumba za wageni, na mambo ya huko hayakukaguliwa na mtu.

Walikaa kwenye vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama yake mkaguzi, lakini chakula kililiwa mbele, kwa mama. Huyu mama mkwe alikuwa amestaafu usimamizi wa jiko la bweni la shule. Kwa muda wote wa utumishi wake hakuna mwanafunzi aliyepata kijiko cha maharage zaidi ya mwenzake, na hakuna aliyeshiba. Aliporudi nyumbani alirudi na imani yake. Sabuni ilikatwa kwa uzi. Chungwa liligawanywa kwa vipande, na kipande kikizidi, kilikatwa. Mtaa ukampa jina la Mama Sawasawa, naye akalivaa kama nishani.

Dawa nazo ziligawanywa. Hapa ndipo nyumba hiyo ilipotofautiana na nyumba nyingine. Dawa yoyote iliyoingia kwa mtu yeyote ilipita mezani kwa mama, kwenye bati la biskuti, pamoja na mkasi. Mama alikuwa na hoja, na hoja yake haikuwa ya kijinga kabisa: dawa ni kitu kizuri, na kitu kizuri hakiliwi na mtu mmoja wakati nyumba nzima ina maumivu yake.

Mwaka wa kwanza wa ndoa, mkaguzi alirudi kutoka safari ya kikazi akikojoa kwa kushika ukuta. Hazikupita siku nyingi korodani moja ikavimba, akawa anatembea kama mtu aliyeweka yai kwenye mfuko wa suruali na anaogopa litavunjika. Kwa mama yake alieleza kwamba ni kiti cha pikipiki aliyokodi huko safarini. Mke wake hakuelezwa kitu. Hakukuwa na haja ya maelezo, kwa kuwa muda si mrefu alipata ushahidi wake mwenyewe: homa, maumivu makali chini ya kitovu, na uchafu ambao hakuwa nao siku ya harusi.

Walikwenda zahanati pamoja, wamenuniana. Tabibu aliwauliza maswali machache, mkaguzi akajibu akitazama dirisha. Kila mmoja alipewa pakiti yake, na tabibu akarudia maneno yake kama mtu aliyezoea kutosikilizwa: mmeze wote wawili, kwa pamoja, mpaka kidonge cha mwisho, hata kama maumivu yamekwisha, na mambo ya chumbani yasubiri mpaka mmalize wote.

Jioni hiyo pakiti zote mbili zilikuwa mezani. Mama Sawasawa alikata vile vibati vya dawa kwa mkasi, viwili viwili. Viwili kwa baba mkwe, mgongo wake. Viwili kwa wifi, aliyekuwa na mafua. Viwili kwake mwenyewe, goti. Halafu akachukua sehemu kubwa ya pakiti ya mkwe wake akaisogeza kwa mwanawe, kwa kuwa mwanamume ndiye nguzo ya nyumba na nguzo haitiwi dawa nusu. Usawa wake ulikuwa na mlango mmoja wa nyuma, na mlango huo ulifanana na mwanawe.

Bibi harusi alithubutu kusema kwamba tabibu amesema kila mtu amalize zake.

"Mwanangu," Mama Sawasawa alimjibu kwa upole, "katika nyumba hii hakuna anayekula peke yake."

Akameza alivyoachiwa. Homa ikashuka, maumivu yakapungua, na kila mtu akaona kwamba mgawanyo ulikuwa wa haki. Maumivu yalirudi baadaye, yakaondoka, yakarudi tena, kama mgeni anayejua ufunguo unafichwa wapi. Mkaguzi naye mara mojamoja alitembea kwa tahadhari. Lakini alikuwa amekwisha kuuza kisingizio cha pikipiki, na bidhaa hiyo haikurudishwa.

Mimba haikuja. Mwaka wa kwanza watu waliuliza kwa macho, wa pili kwa mafumbo, na kuanzia wa tatu hawakuuliza tena, walijibu wenyewe. Wifi, ambaye alikuwa na watoto watatu na maoni kuhusu kila kitu, alianza kuwaficha wanawe mke wa mjomba wao akiwa karibu, eti macho ya mtu asiyezaa yana uzito. Mama Sawasawa alikuwa na usemi wake, aliutoa mbele ya wageni huku akigawa chai: "Mkwe wangu anajaza makochi ya watu wote sponji. Lake mwenyewe ndilo tupu."

Wageni walicheka. Fundi Makochi alicheka pia, akaondoa vikombe, akawahesabu waliocheka. Tuseme hivi: katika miaka iliyofuata, springi kadhaa za mtaa ule ziliachia.

Lakini mama mkwe hakuwa mteja. Hakuleta kochi lolote. Na neno lile, tasa, lilikuwa limeshonwa kwenye mgongo wa fundi mahali ambapo mkono wa mwenye mgongo haufiki. Hilo ndilo alilotaka, wala si zaidi: neno hilo litolewe, na liwekwe linakostahili.

Mwaka wa saba alifunga kibanda asubuhi, akamwambia mchomeleaji anakwenda kununua sponji, akaenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mchache wa maneno. Alimpima, akatuma apigwe picha ile ambayo rangi inapitishwa kwenye kizazi ili kuona inafika wapi. Rangi haikufika mbali. Upande wa kushoto ilisimama mlangoni. Wa kulia ilipenya kidogo, ikachoka.

Daktari alimweleza. Vijidudu vile vya mwanzo vilikuwa havikuuawa, vilijeruhiwa tu. Vikapanda kwenye mirija na kuichoma. Mwili ukichomwa unavimba ili kujilinda, na uvimbe ukipona unaacha kovu. Kila mara maumivu yaliporudi, mwili uliongeza kovu juu ya kovu, mpaka kuta za mirija zikashikana. Fundi aliuliza kama ni kama sponji mbili zilizopakwa gundi. Daktari alifikiri, akasema ndiyo, na ukizitenganisha kwa nguvu zinachanika. Vijidudu vyenyewe bado vimo, aliongeza. Dawa itaviua hata leo. Kovu dawa haiondoi.

"Na mume wako, dada? Hakuwahi kuvimba?"

Fundi akasimulia habari ya pikipiki. Daktari hakucheka, ingawa ilionekana alikuwa ameisikia pikipiki hiyo mara nyingi, ikiwa na madereva mbalimbali. Alisema uvimbe wa namna ile, usipotibiwa mpaka mwisho, unaziba vijia vya mbegu kwa mtindo uleule: kidonda, kovu, mlango umefungwa. Mwanamume hasikii kitu. Kila kazi yake anaifanya kama kawaida, ila mbegu hazimo. Apimwe. Na wakitibiwa, watibiwe wote wawili kwa wakati mmoja, la sivyo watakuwa wanarudishiana kama mpira.

Mkaguzi alipoambiwa akapimwe alishangaa sana. Alisema yeye hana tatizo, na akataja ushahidi ambao mke wake aliufahamu. Alielezwa kwamba ushahidi huo hauhusiki, kwamba bomba linaweza kuwa na nguvu na tangi likawa limefungwa. Akavaa viatu. Mtu aliyetumia maisha yake kuwalazimisha wengine waweke mizani zao mezani alikataa katakata kuiweka yake.

Kutibiwa peke yake, kwa maneno ya daktari, kulikuwa kupiga deki huku bomba linavuja. Fundi alihamisha kitanda chake kwenye chumba cha pili, akafunga mlango, akameza dozi yake yote akiwa kibandani, mbali na mkasi. Kuhusu ile picha hakumwambia mtu.

Mlango uliofungwa ulileta maamuzi. Mama Sawasawa aliitisha kikao cha watu wake na kutangaza kwamba mwanawe ataletewa mke mwingine. Msichana alikwishapatikana, mtaa wa tatu, wa familia ya watu wanaozaa. Kwao walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba mke wa kwanza kizazi chake kimekufa na kwamba ameridhia. Watu wa msichana, hata hivyo, walitaka kuisikia ridhaa hiyo kwa masikio yao. Kwa hiyo mkwe ataketi na wageni, atasema kwamba ameridhia, kisha atapeleka vinywaji.

Halafu mama akasema jambo la pili, kwa sauti ya mtu anayekumbuka sabuni imekwisha. Makochi ya sebuleni yamechakaa. Wageni hawawezi kukalia vile. Na kwa kuwa fundi yumo humohumo ndani, hakuna sababu ya kwenda kwa watu baki.

Inasemekana wifi alitazama chini. Hata yeye aliona kwamba kumwambia mtu avike kochi atakalokalia mrithi wake ni kugawa kitu kisichogawika. Fundi Makochi alisema, "Sawa, Mama," akauliza anapenda rangi gani.

Mama alipenda rangi ya maziwa.

Makochi yalifika kibandani kwa mkokoteni: mawili madogo na moja refu. Fundi alianza na madogo. Hakuweka fundo nusu popote. Alivuta turubai mpaka likalia, akafunga kila springi mafundo mawili, na mchomeleaji, aliyekuwa anasubiri kwa hamu, akakata tamaa. Alimuuliza kama amesamehe. Fundi alikuwa na misumari mdomoni, akatoa mmoja, akaugonga.

Kisha akafungua lile refu. Kona yake ya kulia ilikuwa kiti cha mkaguzi. Hapo alikaa kila jioni tangu utoto, na sponji ilikuwa imechukua umbo lake kuliko ilivyowahi kumchukua mke wake. Mtu akifungua kochi la zamani hukuta historia ya nyumba ambayo wenyewe wanaikana. Kulikuwa na kitana, kalamu, sarafu zisizotumika tena. Kulikuwa na kijiko ambacho msichana mmoja wa kazi alifukuzwa kwa kukiiba. Na chini kabisa, kwenye ule mfereji kati ya kiti na mkono, kulikuwa na vibati vya dawa vilivyokatwa kwa mkasi, viwili viwili, vidonge vya rangi nyekundu na njano, kila kimoja kikiwa salama kwenye kitanda chake.

Alivitoa, akavipanga juu ya meza ya kukatia. Vilikuwa vingi. Si vya mkaguzi peke yake. Na vile vilivyokatwa kutoka pakiti ya fundi mwenyewe vilikuwamo, akavitambua kwa kona ya bati iliyopindwa, kama ilivyokuwa alipopewa zahanati. Akaiona jioni ile yote upya. Mama ananyoosha mkono, mwana anapokea, mkono unakwenda mdomoni, kisha unashuka pembeni mwa kochi kujikuna. Jioni hizo mkaguzi alikuwa akitoka kwenda kunywa na wenzake, na kila mtu anajua kwamba dawa na bia havikai meza moja. Maumivu yake yalikuwa yamepungua kwa vidonge vya mwanzo. Vilivyobaki alikipa kiti.

Kwa hiyo dawa aliyonyang'anywa yeye ili mume apone, mume hakuimeza. Imekaa hapa miaka saba, umbali wa shubiri moja kutoka alipokuwa akiketi kusikiliza usemi wa sponji.

Hakulia. Alichukua koleo akaendelea kung'oa misumari ya zamani, na mchomeleaji alieleza baadaye kwamba siku hiyo misumari ilikuwa inang'oka kama meno.

Alilifikiria fundo nusu, akalikataa. Fundo nusu ni la mteja asiye na adabu. Tena aliifikiria njia rahisi kuliko zote: anyamaze. Aseme ameridhia, apeleke vinywaji, akae pembeni aone mke wa pili naye anafika mwaka wa tatu na kochi tupu. Kisasi hicho kingejipika chenyewe, bila kuni. Lakini kingempika na msichana wa mtaa wa tatu, ambaye angeletewa vijidudu vya watu na kukatiwa dawa kwa mkasi, na mwishowe neno lilelile lingeshonwa kwenye mgongo mwingine. Fundi Makochi alikuwa mtu wa visasi, hakuwa mtu wa kupoteza kitambaa. Kisasi kinachomwangukia asiyehusika alikihesabu kuwa kazi mbovu.

Akatoa mashine yake ya vifungo.

Makochi mawili madogo yalipelekwa kwanza. Mama Sawasawa alizunguka kila moja, akapitisha kidole kwenye mishono, akatafuta kosa, akakosa, akaridhika. Lile refu lilikuja asubuhi ya wageni, limeshonewa shuka lote, kwa sababu, fundi alieleza, kitambaa cha maziwa kinaogopa vumbi na lisifunuliwe mpaka watu wameingia. Maneno haya yalimfurahisha mama. Ilikuwa sheria yake mwenyewe: hakuna kitu kipya kilichofunuliwa katika nyumba ile kabla ya wageni, hasa kwa sababu ya makalio ya baba mkwe.

Wageni walikuwa wawili: baba mdogo wa msichana, mtu wa kutikisa kichwa, na shangazi yake, muuza kuku wa jumla, mwanamke mpana ambaye sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na majogoo. Walikaribishwa, wakasimama wakingoja kiti. Mama Sawasawa akavuta uzi, shuka likaanguka.

Kochi lilikuwa zuri. Hilo walikubaliana wote, hata baadaye. Mgongo wake ulikuwa na vifungo vilivyozama kwa mistari, kama makochi ya ofisi za wakubwa. Ila vifungo vya kona ya kulia havikuvikwa kitambaa. Vilivikwa nailoni angavu, na ndani ya kila kimoja, kama mdudu kwenye chupa, kulikuwa na kidonge cha rangi nyekundu na njano.

Shangazi aliinama akatazama. Akauliza kama ni urembo wa kisasa.

Mkaguzi, ambaye alikuwa amekwisha kukaa mahali pake kwa mazoea, aligeuka, akaona, akainuka taratibu kama mtu aliyesalimiwa na springi. Na hapakuwa na springi.

Baba mdogo, kwa kutaka mambo yaende, alisema basi tumsikilize mke mkubwa, tuisikie ridhaa yake.

Fundi Makochi alisimama na sinia la vinywaji. Aliliweka mezani.

"Mama ametufundisha kwamba katika nyumba hii hakuna anayekula peke yake," alisema. "Sabuni tunagawana, chungwa tunagawana. Kuna kitu kimoja tu nimekula peke yangu miaka saba, na nimeona aibu. Leo nimekileta mezani. Nimeleta utasa. Tugawane."

Wifi alisema, "Jamani," kwa sauti ndogo.

"Sehemu yangu hii hapa. Nimepigwa picha, mirija yangu ina makovu, siikatai. Iliunguzwa na ugonjwa niliouletewa kutoka safari ya kikazi. Tulipewa dawa, mimi na mume wangu, kila mtu pakiti yake. Mama akazikata. Wifi, viwili vyako ulivimeza kwa mafua. Baba, viwili vya mgongo. Mama, viwili vya goti. Vyangu vingi akapewa mume wangu, kwa kuwa yeye ni nguzo. Shangazi, vile vifungo unavyoviona ndiyo dawa yenyewe. Nimevikuta ndani ya kochi, mahali anapokaa nguzo."

Baba mkwe, ambaye kwa kumbukumbu za mtaa hakuwa ameongea mbele ya wageni tangu astaafu, alikohoa.

"Mimi vyangu nilimeza," alisema. "Mgongo haukupona."

Mama Sawasawa akaja juu. Alisema huyu mwanamke amechanganyikiwa kwa wivu, kwamba mwanawe ni mzima kama chuma, na kwamba wageni wasisikilize maneno ya mtu ambaye tumbo lake halijawahi kumjibu. Aliyasema yote akiwa amesimama mbele ya kochi, amepanua kanga kuvifunika vifungo. Havikufunikika.

Shangazi hakuwa ameondoa macho kwa mkaguzi.

"Umewahi kupimwa, mwanangu?"

Mkaguzi alisema hajaona haja. Akaanza kuutaja ule ushahidi wake.

"Kuwika nimekusikia," shangazi alimkatisha. "Mama mwenzangu, mimi kuku ninauza maisha yangu yote. Jogoo sinunui kwa sauti. Mayai ya jogoo wako yamekaa chini ya kuku mmoja miaka saba hayajaanguliwa, na wewe unamlaumu kuku, unaomba mwingine. Akapimwe, halafu tutaongea."

Baba mdogo alitikisa kichwa. Waliondoka bila kugusa soda. Mama Sawasawa, kwa mazoea ya maisha yake yote, alibaki anazitazama zile chupa, na mtu angeweza kuapa kwamba alikuwa anazigawa.

Fundi alihama siku hiyohiyo, kwa mkokoteni uleule uliobeba makochi, akajipangia chumba nyuma ya kibanda. Wiki iliyofuata wifi alitumwa kwake, kwa mara ya kwanza bila maoni. Mama anaomba vile vifungo vivikwe kitambaa, watu wanapita kutazama kama maonyesho. Fundi alikuwa anapima sponji.

"Mwambie Mama vile ni vyake vyote," alisema. "Sikugawa."

Mkaguzi alikwenda kupimwa kwa siri, siri ambayo muuza kuku aliitangaza kabla ya saa za kufunga soko. Mbegu hazikuonekana hata moja. Pande zote mbili zimeziba. Mtaa, ambao una kumbukumbu fupi ya haki na ndefu ya vichekesho, ulimwita Nguzo kuanzia siku hiyo, na neno lile jingine, lililokuwa mgongoni kwa mke wake, likahama bila kuaga. Watu waliocheka usemi wa sponji walileta makochi yao yaliyoharibika na kukaa wima wakisubiri. Fundi aliyatengeneza. Alitumia mafundo anayoyajua yeye.

Hakupata furaha aliyoitarajia. Hilo linapaswa kusemwa. Kisasi kilikuwa kitamu, lakini hakikuzibua kitu, na kuna asubuhi aliinuka akiwa na ushindi wake mkononi na maumivu yake yaleyale chini ya kitovu.

Ndipo mkaguzi akaja kibandani, mnyenyekevu, ameshika mfuko wa karatasi. Alikuwa amerudi kwa daktari. Daktari amesema vijia vyake pengine vinaweza kufunguliwa kwa upasuaji, haahidi. Na mirija ya mke pengine inaweza kurukwa kwa njia za hospitali kubwa, napo haahidi. Lakini kabla ya pengine zote, vijidudu vife kwanza, kwa wote wawili, kwa pamoja, maana maumivu ya fundi yalikuwa yamerudi, ishara kwamba ile dozi aliyoimeza peke yake haikuviua vyote. Pakiti zote mbili, daktari aliagiza, ashike mke.

Fundi aliupokea mfuko. Akamwonyesha kochi la wateja, lile lililotazamana moja kwa moja na kibanda cha mchomeleaji.

Tangu siku hiyo mkaguzi wa mizani alifika kila asubuhi kabla ya kazi, akakaa mbele ya wapita njia, akanyoosha kiganja. Mke alimeza chake, akampa chake, akamkabidhi maji. Kisha akamwinamia kama afisa anayekagua jiwe la shaba.

"Fungua mdomo. Inua ulimi. Geuza."

Mchomeleaji alizima mashine ili asikose kitu. Wanafunzi waliopita waliinua ndimi zao.

Siku kidonge cha mwisho kilipokwisha, mkaguzi alifuta mdomo akauliza, akitazama chini, kama sasa anaweza kuomba msamaha na warudi nyumbani.

Fundi Makochi alikagua tena chini ya ulimi, upande wa kushoto, upande wa kulia. Akasema msamaha nao una dozi yake, na kwamba arudi kesho wakati uleule, aanze kumeza. Mkaguzi akashukuru, akajiegemeza kochini kwa nafuu, na chini yake, polepole, fundo nusu likaanza kuachia.